Kishindo cha Upande wa Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema huonekana asubuhi. Leo imeonekana kabla sijamaliza kupiga mswaki.

Shemeji kaja! Kaka wa mke wangu, yule fundi redio ambaye mtaa mzima unamwita Waya. Si kawaida yake kutembelea watu asubuhi. Si kawaida yake kutembelea watu, basi. Hushinda karakanani kwake na vyuma vyake, na maneno yake ni ya kuhesabika. Leo kayamwaga yote mlangoni. Kuna kampuni ya santuri imemtafuta. Wanataka kuitoa upya *Usingizi wa Umeme*.

Mke wangu aliacha cherehani. Mimi nilimeza dawa ya mswaki.

Niandike hapa, kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa maarufu, kwamba *Usingizi wa Umeme* ni santuri aliyoitengeneza shemeji tulipokuwa vijana. Alijiundia kinanda cha umeme kwa mabaki ya redio. Kilikuwa na vifungo vingi kuliko koti la jenerali, na hakikuweza kupiga wimbo wowote unaojulikana. Kilinguruma. Kililia. Siku moja kilicheka, na hakuna aliyekuwa amekigusa. Upande wa kwanza wa santuri ile ni kama friji inayowaza. Upande wa pili ni friji hiyohiyo ikiwa imeshaamua. Redio iliipiga mara moja tu, wasikilizaji wakapiga simu kuuliza kama mitambo imeharibika. Shemeji akakifunika kinanda kwa gunia, akarudi kwenye redio za watu. Hakulalamika. Lakini tangu siku hiyo hakukifunua.

Sasa kumbe huko duniani kuna vijana wanaisikiliza mpaka wanafumba macho! Wameiandikia makala. Wanasema shemeji alikuwa mbele ya wakati wake. (Mimi siku zote nilidhani alikuwa pembeni yake.) Na wanachokisifu kuliko vyote ni kishindo. Mwishoni mwa upande wa kwanza, friji ikiwa karibu kusinzia, husikika kishindo kimoja. Du! Halafu kimya. Makala inasema hapo ndipo moyo wa mashine unapovunjika.

Nikaanza kukumbuka. Siku ile ya kurekodi nilikuwemo chumbani, nikishika nyaya. Kitu kilianguka. Na katika maisha yangu, kitu kikianguka, huwa ni mimi.

Nyuma ya jalada pameandikwa jina la shemeji, na chini yake: "pamoja na wengine." Wengine ndio sisi. Yaani mimi. Wakati wa wengine kutajwa umefika.

Jumatano, 5 Machi

Nimewatangazia wateja wote dukani. Ninauza magodoro, kazi nzuri kwa mtu mwenye fikra, maana unaruhusiwa kulala juu ya bidhaa ili kuonyesha ubora. Bosi kasema leo nimeonyesha ubora kupita kiasi.

Mchana nilikwenda kuchukua fulana nilizoagiza kwa simu. Nilisema waziwazi: MZEE WA KISHINDO. Fulana zimechapwa MZEE WA KISHADA. Mchapaji kasema simu yangu ilikuwa inakatakata. Nimevaa moja hivyohivyo, mtu haachi nguo mpya kwa sababu ya herufi mbili tatu. Watoto wa mtaa wamenifuata mpaka nyumbani wakidai vishada. Nimejitahidi kuwaeleza historia ya muziki wa umeme. Mmoja kaanza kulia. Ikabidi nimtengenezee kishada kwa gazeti. Hakikuruka.

Lakini hayo si kitu. Pigo la leo ni Kinyozi.

Saluni yake inatazamana na duka letu. Mtu wa maringo, hujitazama kwenye kioo hata anapomnyoa mwenzake. Siku ile ya kurekodi na yeye alikuwepo, alikuja na karai akisema atapiga ngoma. Hakuna aliyemwomba. Basi leo nafungua duka, naona kabandika tangazo dirishani: NYOLEWA NA MKONO ULIOPIGA KISHINDO!

Nilivuka barabara bila kutazama magari. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu siku ile, yeye ndiye aliyelibwaga karai kwa makusudi, kama msanii. Nikamwambia karai hulia "tang" na kishindo ni "du." Akaniita Godoro, kama kawaida yake, akasema sikio langu limejaa sponji. Wateja wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akakatwa kidogo sikioni. Nikaondoka nikiwa nimeshinda, kwa maoni yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Binti wa kampuni kafika! Nilimtarajia mtu mzima mwenye tai. Ni msichana mpole, hedifoni kubwa shingoni, viatu vya kukimbilia, na macho ya mtu aliyefika alipokuwa anapaota. Alipomwona shemeji alishindwa kuzungumza. Shemeji naye hazungumzi. Wakakaa hivyo, wakitazamana kwa heshima, mpaka mimi nikajitambulisha.

Karakana ni chumba kimoja chembamba, rafu mpaka darini, harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka. Binti akaeleza shida. Kanda za mwanzo ziliharibiwa na unyevu zamani. Santuri zilizobaki mitaani zimekwaruzwa. Itabidi wanakili sauti kutoka kwenye santuri safi, na santuri safi ipo moja tu: ya shemeji mwenyewe. Akaitoa chini ya kitanda, imeviringishwa kwenye shuka. Hajawahi kuipiga hata mara moja. Binti akaipokea kwa mikono miwili kama anayepewa mtoto wa siku saba ambebe, kisha akamrudishia. Akasema Jumamosi ya wiki ijayo atakuja na mashine yake ya kunakili.

Nikaona hapa ndipo. Nikamwambia aliyepiga kishindo ni mimi, na niko tayari kuthibitisha. Akasema, "Sawa baba, tuonyeshe."

Nikaanguka.

Akainamisha kichwa, akasikiliza, akasema kwa adabu kwamba kile cha kwenye santuri ni kikavu zaidi. Nikaanguka kikavu. Akasema hapana, hicho kimekuwa kirefu. Nikaanguka kifupi, juu ya kigoda. Kigoda hakipo tena. Wakati huo Kinyozi kaingia na karai lake, sijui nani alimwambia, naye akaanza kulibwaga. Tang! Tang! Jirani akaja kuuliza kama tunahama.

Binti kasema bila uthibitisho wataacha "wengine" kama ilivyokuwa. Shemeji alikuwa kajishika mbavu, kageukia ukutani. Nilidhani anaumwa. Anacheka! Miaka yote ya ushemeji sijawahi kumwona akicheka namna ile. Nimerudi nyumbani nachechemea lakini moyo mweupe.

Jumapili, 9 Machi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Leo nimeinama, nikakichukua.

Mpango wenyewe ni huu. Siwezi kukiiga kishindo ambacho sijakisikia vizuri. Nakala yangu ya zamani ina mkwaruzo palepale, sindano ikifika inaruka kama panzi. Kwa hiyo nahitaji santuri safi, kwa saa chache tu, nisikilize, nifanye mazoezi. Shemeji alikwenda kumwangalia mgonjwa na ufunguo wa akiba tunao sisi. Kuazima ndani ya ukoo si wizi.

Nimeileta nyumbani. Nikaitoa kwenye shuka. Nyeusi, inang'aa, unajiona uso. Nikaiweka dirishani kwa muda mfupi wakati natafuta waya wa gramafoni. Waya ukawa mgumu kupatikana. Ulikuwa kwenye sanduku la nguo za watoto, usiniulize. Humo nikakuta na picha za watoto wakiwa wadogo, nikakaa chini kuzitazama. Watoto wazuri. Wamefanana na mimi, isipokuwa sura.

Niliporudi dirishani jua lilikuwa limeshafika.

Santuri imejikunja. Upande mmoja umeinuka, mwingine umelala. Ukitia mboga hazimwagiki.

Sikuhamanika. Mtu mwenye mipango hahamaniki. Nikachukua pasi ya mke wangu, nikaweka kitambaa juu, moto mdogo, nikapitisha taratibu kama anayenyoosha kola. Ikatoa harufu. Sasa hata mboga huwezi kutia.

Mke wangu hushona sare za shule. Alipoishika pasi jioni, shati jeupe la mtoto wa watu likapata mstari mweusi kifuani. Akaitazama pasi. Akanitazama mimi. Akavuta droo niliyoificha santuri bila hata kuuliza ni ipi. Hakupiga kelele. Kasema kesho niende kwa kaka yake mwenyewe, kwa miguu yangu, nikamwambie kwa mdomo wangu, na nisipeleke hadithi.

Nilikuwa nimeshaandaa hadithi. Ilikuwa na paka.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia.

Nilikwenda asubuhi kabla ya kufungua duka. Alikuwa mezani, na nikaona jambo lililonimaliza kabisa: gunia limetolewa. Kinanda kiko wazi. Kakipangusa vumbi, vifungo vyote vinang'aa, nyaya mpya nyekundu na za kijani. Alikuwa anakifufua.

Nikaweka kile kitu mezani. Nikasema ni mimi. Ni dirisha. Ni jua. Na ni pasi, nikaongeza, maana mke wangu alisema bila hadithi.

Akaiinua. Akaigeuza. Akaiweka kwenye mashine, sindano ikapanda mlima, ikashuka bonde, ikaanguka. Akaizima. Kisha akaichukua ile shuka iliyokuwa imeviringisha santuri, akaikunja. Kona kwa kona. Taratibu. Akaipiga pasi kwa kiganja.

"Basi, shemeji," akasema. "Pengine haikuwa riziki."

Akakirudishia kinanda gunia lake.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilikuwa nikidhani ni methali ya kutisha watoto. Sijauza godoro hata moja leo. Wateja walikuja, nikawaambia waende tu wakalale kwao.

Jumanne, 11 Machi

Mipango imerudi! Lakini leo ni mipango ya aina nyingine. Natafuta santuri safi, nimpelekee.

Nimeomba ruhusa kwa bosi kwa sababu ya msiba. Akauliza nani kafa. Nikasema bado.

Nimezunguka mtaa mzima kwa kila aliyewahi kupewa ile santuri. Mshona viatu ameigeuza saa ya ukutani, katia mishale katikati. Inachelewa. Mama muuza vitambaa ameitumia miaka yote kufunikia mtungi, na kasema kifuniko kama hicho huwezi kukipata siku hizi. Mwalimu mstaafu aliiweka vizuri kabisa, ndani ya jalada, rafuni, ila mjukuu wake alichora uso wa simba juu yake kwa msumari. Simba mwenyewe si mbaya.

Jioni nimekaa kibarazani nikiwa nimechoka miguu. Mke wangu kaleta chai, kakaa karibu. Akasema kwa utaratibu, huku akichomoa nyuzi kwenye gauni lake, kwamba analolijua yeye ni moja tu: Kinyozi alipewa santuri siku ileile, na Kinyozi hajawahi kuupenda muziki ule. Mtu asiyependa kitu hakichakazi.

Ningemwoa tena mwanamke huyu. Nimemwambia hivyo. Kasema angefikiria.

Jumatano, 12 Machi

Anayo! Imo hata kwenye karatasi yake ya plastiki, haijafunguliwa! Ameichomeka nyuma ya kioo kikubwa cha saluni ili kioo kisitikisike. Tangu kioo kiwekwe.

Nilijifanya nimekuja kunyoa. Nikakaa kitini, akanifunga shuka, nikaanza kwa mbali: hali ya hewa, bei ya wembe. Yeye ananyoa tu. Nikasogea karibu: vioo, namna vinavyotikisika. Mashine inanguruma kichwani. Nikamwambia mwishowe, wazi kabisa, kwamba shemeji anaihitaji ile santuri.

Kinyozi akazima mashine.

Alikuwa amemaliza upande wa kushoto. Upande wa kulia bado msitu. Akaiweka mashine mezani, akakunja mikono, akataja masharti. Ataitoa santuri siku nitakayosimama mbele ya Binti na kutamka kwamba kishindo ni cha Kinyozi, na mimi sikupiga kitu.

Nikamwambia heshima ya mtu haiuzwi. Nikamwomba amalizie kichwa. Akasema kichwa na kishindo vinakwenda pamoja.

Nimetoka hivyohivyo. Nimevaa kofia ya sufu kwenye jua hili. Bosi aliuliza kama nina homa. Baadaye kofia ilianguka nilipokuwa naonyesha ubora, mteja mmoja akashtuka, kisha akauliza kama ni mtindo mpya. Nikasema ndiyo. Kasema atamleta mwanawe kesho.

Alhamisi, 13 Machi

Nimewaza sana. Upande mmoja: jina langu, umaarufu, makala, vijana wanaofumba macho. Upande wa pili: shemeji anayekunja shuka.

Mchana nilipitia karakanani nikijifanya nimeleta redio. Alikuwa akitengeneza ya mtu mwingine, kichwa chini. Akaniuliza habari za nyumbani kwa upole uleule kama vile sijamkaangia maisha yake kwenye pasi. Akaniona kofia. Hakuuliza. Akanisogezea tu feni.

Feni ile!

Nimevuka barabara moja kwa moja mpaka saluni. Nikavua kofia mbele ya wateja wote, nikasema: "Kishindo ni chako. Malizia."

Akanyoa kimyakimya. Alipomaliza alinipaka mafuta bila kutoza, akanishika bega, akasema nimekuwa mtu mzima. Tumeinua kioo pamoja, mimi na yeye, tukaichomoa santuri. Safi kama yai. Kioo sasa kinatikisika, wateja wanaonekana wanacheza.

Najisikia mwema ajabu. Natumaini watu wameona.

Jumamosi, 15 Machi

Sijui nianzie wapi. Naandika kwa kicheko na kwa hofu, nusu kwa nusu.

Tulikusanyika karakanani asubuhi. Binti na mashine yake. Shemeji, shati la kufunga vifungo mpaka shingoni. Kinyozi na manukato. Mimi, kichwa kinang'aa. Mke wangu alikuja pia, akasema amekuja kuhakikisha sishiki kitu chochote. Nikakalishwa mbali na dirisha.

Nilisimama nikatamka. Kishindo ni cha Kinyozi, mimi sikupiga kitu. Sauti haikukatika sana. Shemeji akanitazama, akamtazama Kinyozi, akafungua mdomo, akaufunga. Binti akachana plastiki. Sindano ikashuka.

Ee! Haikuwa santuri niliyoijua. Hakuna mikwaruzo, hakuna vumbi. Friji ile iliyokuwa inawaza, leo nilisikia inawaza nini. Ilikuwa kama mvua iliyo mbali, inayokuja kwa hatua za mtu unayemjua. Mke wangu alinishika mkono. Binti alifumba macho. Hata Kinyozi aliacha kutafuta kioo. Shemeji alikuwa akitazama sakafu, midomo ikichezacheza, anahesabu mwendo wake wa zamani.

Halafu mwisho. Kinanda kinasinzia. Na: du!

Binti akainua mkono tunyamaze. Kwa sababu kwenye nakala hii safi, baada ya du, hapakuwa kimya. Palikuwa na kitu, chembamba, kwa mbali. Akaongeza sauti. Akarudisha sindano. Du! Kisha sauti ya mwanamke, kijana, amekasirika, nyuma ya mlango:

"Fungueni huo mlango! Mikono imejaa!"

Tukageuka wote. Mke wangu kaweka kiganja mdomoni.

Akakumbuka papo hapo. Alikuwa ametuletea sinia la chai, vikombe vyote na birika, ana mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Alibisha kwa kiwiko, hatusikii. Akaupiga mlango teke. Mguu ule! Mguu uliokwisha zoea cherehani ya kukanyaga! Wala haukuwa ujasiri wa ajabu, wala moyo wa mashine. Ni mke wangu na chai.

Nikamuuliza shemeji kama alijua. Akasema alijua siku zote. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema hakuulizwa, na tena tulikuwa tunafurahisha tulivyokuwa tunaanguka. Kisha akaongeza, akimtazama dada yake, kwamba alikiacha kishindo makusudi, maana ndicho kilichomwamsha, akajua wimbo umefika mwisho.

Ningekuwa na akili ningepiga makofi, tukaenda zetu nyumbani. Lakini santuri ilikuwa bado inazunguka. Binti akasema subirini, kuna mtu mwingine. Akaongeza sauti zaidi. Na chumba kizima kikasikia, wazi kabisa, kijana mmoja akinong'ona karibu na kinanda:

"Tunyamazeni. Ataondoka."

Sauti ile naijua. Naijua kuliko zote. Na mke wangu anaijua.

Kinyozi alianza kucheka. Lakini kwenye santuri, baada ya ule mnong'ono, kukasikika mwingine akicheka kicheko hichohicho, na mke wangu akamgeukia na yeye.

Basi, ombi langu limejibiwa. Nimo kwenye *Usingizi wa Umeme*. Wataninakili na kunisambaza dunia nzima.

Mchana nimekula chakula baridi. Kitamu, lakini baridi. Jioni nikamsikia mke wangu jikoni peke yake anacheka mpaka anaita mama yake. Akaja akasimama mlangoni, akasema, "Ataondoka, eh?" Akacheka tena. Chai ikaja ya moto. Nadhani nimesamehewa, japo nimeambiwa kuanzia leo milango yote ya nyumba hii nitakuwa naifungua mimi.

Jumamosi, 26 Aprili

Zimefika! Binti kazileta mwenyewe, maboksi kwa maboksi. Santuri nzito, jalada la buluu iliyokolea, picha ya kinanda. Nyuma pameandikwa jina la shemeji, na chini yake, kwa herufi nzuri: "Mguu: dada yake." Kisha: "pamoja na wengine."

Tumerudi kuwa wengine. Kinyozi na mimi tulilisoma lile neno kwa pamoja, vichwa vimegusana. Akasema herufi zimekuwa kubwa kuliko zamani. Kweli zimekuwa kubwa kidogo.

Vijana wamejaa mbele ya karakana. Wanataka kumwona shemeji, na wakishamwona wanamtaka mke wangu. Mmoja alikuja na mlango mdogo wa kabati, akamwomba aupige teke kama kumbukumbu. Mke wangu akakataa, ana sare za kumaliza. Kijana akasihi. Akaupiga. Mlango umekuwa vipande viwili, kijana kafurahi, kaondoka na vyote.

Shemeji alikaa kwenye kiti mbele ya karakana, watu wakimzunguka, na alikuwa anazungumza. Sentensi ndefu! Zenye viunganishi! Mke wangu alimtazama kwa mbali, akafuta macho kwa ncha ya leso. Mimi nilikuwa na vumbi jichoni.

Hakuna ninachokitaka tena. Nimeridhika. Naandika hapa kwa wino ili iwe ushahidi.

Jumapili, 27 Aprili

Habari kubwa. Shemeji anatengeneza santuri mpya! Kinanda kimefufuka, Binti kakubali kurekodi wiki hii karakanani. Tumeruhusiwa kuja wote, kwa sharti moja. Shemeji mwenyewe kalitamka, na kalirudia akinitazama mimi: safari hii anataka kimya. Kimya kabisa. Asiwepo mtu wa kukohoa, kuanguka wala kunong'ona.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nimemwapia.

Nimenunua filimbi.